Ushuhuda wa Wokovu na Kauli ya Kutendwa: Kutoka Freretown hadi Kibera na Kawangware

Wahakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya wameshughulikia kwa mapana ngano, methali na nyimbo. Ushuhuda wa wokovu, utanzu unaosikika kila Jumapili katika makanisa ya mabati ya Kibera na Kawangware, umepewa nafasi finyu, pengine kwa kudhaniwa kuwa ni ibada tu. Ilhali una fani yake: salamu ya kumsifu Bwana, maisha ya gizani, siku ya kuokoka (aghalabu hutajwa kwa tarehe), kisha kazi ambayo msimulizi ameitiwa.

Fani hii haikuzuka mitaani humo. Chimbuko lake kuu ni uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya kupitia Kabete, jirani ya Kawangware, mnamo 1937. Walokole walidai ungamo la hadharani: dhambi itajwe kwa jina, kilichoibwa kirudishwe. Sharti hilo liliupa ushuhuda nguvu yake. Ndilo pia lililoubana. Msimulizi hutawaliwa na kauli ya kutenda: niliiba, nililewa, nilichukia.

Lakini mengi yaliyopita Kibera yalitendwa kwa watu. Ardhi yake ilitengwa kwa jeshi mwaka 1918, na askari wa Kinubi waliokaa humo wakaishi bila hatimiliki. Jamii yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Ghasia za 2007 na 2008 ziliteketeza nyumba na maduka. Aliyechoma duka la jirani ana la kuungama. Aliyechomewa je? Ili apate mlango wa kuingilia katika utanzu huu, sharti aungame chuki yake. Hasara yake hubaki kando ya hadithi.

Hali haikuwa hivyo daima. *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela, iliyochapishwa mwaka 1934, husimulia mateka waliokombolewa wakapata makao ya Kikristo huko Freretown, Mombasa. Hapo kovu ni la jamii nzima, na kauli ya kutendwa imetawala: walitekwa, waliuzwa. Ni kweli kwamba shukrani za Mbotela kwa Waingereza zimewakera wahakiki, na wana haki; hata hivyo, hakumtwika mtumwa hatia ya utumwa wake.

Je, mwokovu wa Kibera amenyimwa kabisa kauli hiyo? Sivyo. Lisilotamkika katika nusu ya kwanza ya ushuhuda hujitokeza katika ya pili, pale wito unapotajwa. Aliyekosa ada hufungua shule; aliyelala njaa hupikia watoto wa wengine. Wito humtaja mkosaji ambaye ungamo lilimsitiri. Mwezi Julai 2018, vibanda vilipobomolewa Kibera kupisha barabara, shule nazo zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoangushwa.