Jinsi ya kushika usukani: Somo la kwanza kwa dereva mpya

DEREVA anayejifunza katika mitaa ya Mlandege, Manispaa ya Iringa, hawezi kukaa kwenye tambarare muda mrefu. Mji wa Iringa umejengwa juu ya kilima, na anayekwenda Ipogolo, ilipo barabara kuu iendayo Zambia, hana budi kuteremka mlima wenye kona huku akipishana na malori na mabasi. Mahali pa namna hiyo, kosa dogo kwenye usukani, ambao wengi huuita stelingi, laweza kulihamishia gari upande wa wanaokuja.

Kanuni ya kwanza ni mahali pa mikono. Usukani hufananishwa na uso wa saa: mkono wa kushoto hukaa penye tarakimu 9 na wa kulia penye tarakimu 3. Mwanafunzi afuate tarakimu zilizoandikwa, kwani mshale ukiwa penye 9, Mswahili husema ni saa 3.

Zamani ilifundishwa zaidi 10 na 2. Hata hivyo, magari mengi yanayotoka Japani yakiwa yametumika yana mfuko wa hewa katikati ya usukani, unaofumuka ghafla wakati wa ajali. Mkono uliokatiza mbele yake waweza kurushwa usoni mwa dereva.

Kabla ya kuondoka, kiti kirekebishwe ili mgongo uegemee na viwiko vikunjike kidogo. Vidole gumba vilale juu ya ukingo wa usukani bila kuukumbatia kwa ndani, kwa sababu gurudumu likigonga shimo usukani huweza kuruka na kuvijeruhi.

Katika kona, njia salama ni kuvuta na kusukuma. Kwa kona ya kushoto, mkono wa kushoto hupanda juu, hushika na kuvuta chini, huku wa kulia ukiteleza chini. Kisha wa kulia hushika na kusukuma juu, huku wa kushoto ukiteleza kurudi juu. Kona ya kulia ni kinyume chake. Kupishanisha mikono kunafaa kwa mwendo mdogo, kama wakati wa kuegesha. Kona ikiisha, usukani urudishwe kwa mikono. Usiachiwe ujizungushe wenyewe.

Macho yatazame mwisho wa kona, si boneti, kwa kuwa mikono hufuata macho. Baada ya kubadili gia, mkono urudi mara moja kwenye usukani.

Kosa la hatari zaidi ni kuzima injini mteremkoni kwa nia ya kubana mafuta. Injini ikizimika, usukani unaosaidiwa na nguvu ya injini huwa mzito, na breki nazo hupoteza msaada wake. Ufunguo ukichomolewa, usukani huweza kujifunga kabisa. Mteremko ushukwe kwa gia ndogo, injini ikiwaka.

Mwanafunzi anatakiwa kuwa na leseni ya kujifunzia, mwalimu kando yake na alama ya "L" kwenye gari. Chini ya usimamizi huo, azunguke kwanza kwenye uwanja wa wazi hadi mikono ifanye kazi bila kutazamwa. Hapo ndipo ateremke Ipogolo, na baadaye sana aufikirie Mlima Kitonga, ambako kona ni kali na malori hayakosekani.