Mwas Bado Hajafika Keringet

Mwas anauza diski za filamu kijijini. Hapangi tu diski mezani akangoja wateja. Anaruka, anakunja uso, anaigiza mapigano ya nyota wa Marekani mpaka watu wanamzunguka. Ndivyo inavyoanza Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga iliyotoka mwaka 2012. Miaka kumi baadaye alifariki Olwenya Maina, aliyeigiza Oti, kiongozi wa genge.

Kabla ya diski kama za Mwas, sinema ilifika mashambani kwa gari. Tangu enzi za mkoloni, magari ya serikali yalitundika kitambaa cheupe sokoni na kuonyesha filamu za kilimo na afya. Mijini yalijengwa majumba, kisha video na diski zikayamaliza mengi yao. Leo Nairobi watu hupanda matatu Odeon na kuzunguka Globe Cinema, majina ya sinema yaliyobaki kwa steji na barabara.

Ndipo akaja Mwas, akiongea Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Anashuka Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku hiyo hiyo, anatupwa seli, na humo anakutana na Oti. Kuanzia hapo roho ya mtazamaji haitulii. Mchana kijana anafanya mazoezi ya tamthilia; usiku anaiba vipuri vya magari, halafu magari yenyewe. Kadiri siku ya onyesho inavyokaribia, ndivyo polisi na genge wanavyokaribiana, na anayetazama anajua kwamba lazima upande mmoja umfikie kwanza. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban. Kenya nayo ikaituma filamu hiyo Oscar, ya kwanza kutoka nchini.

Hofu ya namna hiyo inataka giza, sauti nzito, na watu mia wanaoshusha pumzi pamoja. Kwenye simu inakatwa na ujumbe wa salio.

Keringet, mji mdogo wa Kaunti ya Nakuru ambao jina lake husafiri nchi nzima kwenye chupa za maji, hauna jumba la sinema. Vijana wake wanaotaka kumjua Mwas humkuta kwenye kioo kidogo, kama alivyokuwa akiwauza nyota wa Marekani kwenye diski. Hii si haki kwa filamu wala kwa vijana. Serikali ya Kaunti ya Nakuru ilete projekta, jenereta na kitambaa cheupe sokoni, jioni moja tu, na ianze na filamu hii.