Rangi ya Ngozi na Bei ya Ng'ombe

Chama chetu cha Ushirika kinapotimiza miaka 10, imetupendeza kuweka katika kitabu hiki cha ukumbusho, pamoja na hesabu zetu na picha za wanachama, habari moja ya mbali inayohusu mali tunayoijua sana, yaani ng'ombe. Kila mfugaji aliyewahi kusimama mnadani ajua kwamba kazi ya miaka mitatu hupimwa kwa dakika moja. Ng'ombe huingia uwanjani, mnunuzi humtazama pembe, nundu, mgongo na rangi, hutaja bei, na shauri limekwisha. Je, rangi ya ngozi yaweza kweli kuongeza fedha au kuipunguza? Na kama yaweza, fedha hiyo yatoka wapi? Ili kuyajibu maswali haya twasimulia habari za ng'ombe weusi waitwao Angus, kwa kuwa hakuna ng'ombe wengine ambao rangi yao imepata kuwa mali kama hao.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba hapo mwanzo haikuwa rangi iliyolipwa, bali nasaba. Mwaka 1810 huko Uingereza, fahali wa aina ya Shorthorn aliyeitwa Comet aliuzwa kwa gini 1,000, bei ambayo watu wa siku zile hawakupata kuisikia. Fahali huyo hakuwa na rangi moja. Manyoya yake mekundu na meupe yalichanganyika. Walionunua walilipa kwa sababu walijua baba yake ni nani na mama yake ni nani. Mwaka 1822 kikatolewa kitabu cha nasaba za Shorthorn, cha kwanza kwa ng'ombe, na tangu hapo mnunuzi akaweza kusoma katika karatasi yale ambayo jicho haliwezi kuyaona.

Katika miaka ile ile, kaskazini-mashariki ya Uskoti, katika majimbo ya Aberdeen na Angus, walikuwako ng'ombe wasio na pembe wa rangi mbalimbali, weusi kwa wekundu. Mwaka 1808 kijana mmoja jina lake Hugh Watson, wa mahali paitwapo Keillor, alianza kundi lake mwenyewe, akaazimu kuchagua weusi wasio na pembe. Jike wake mashuhuri, Old Granny, alizaliwa mwaka 1824, akaishi miaka 35 na kuzaa ndama 29. Daftari la nasaba la ng'ombe hao lilipochapishwa mwaka 1862, fahali wa Watson aitwaye Old Jock akapewa namba 1. Basi tuzingatie jambo hili: weusi haukuleta nyama nzuri. Mtu mmoja aliyejua kuchagua nyama nzuri ndiye aliyechagua na weusi pia, na mambo mawili hayo yakaendelea kurithiwa pamoja.

Mwaka 1873 George Grant alipeleka mafahali wanne wa Angus katika nchi tambarare ya Kansas, Marekani. Wawili kati yao walipoonyeshwa katika maonyesho ya mifugo mjini Kansas City, watu waliwashangaa, maana hawakuzoea kuona fahali mweusi asiye na pembe. Lakini mafahali hao walipopandishwa majike wenye pembe ndefu wa Texas, ndama wao, wengi weusi na wasio na pembe, waliistahimili vyema baridi ya malishoni. Miaka 10 baadaye, tarehe 21 Novemba 1883, wafugaji 60 walikutana mjini Chicago wakaanzisha chama chao cha kutunza daftari la nasaba.

Hata hivyo haikuwa mara moja kwa rangi nyeusi kupendwa. Kwa miaka mingi mfalme wa malisho ya Marekani alikuwa Hereford, mwenye mwili mwekundu na uso mweupe. Uso huo mweupe hurithiwa kwa nguvu, hata ndama wa Hereford na jike wa aina nyingine huzaliwa nao. Kwa hiyo ulikuwa kama muhuri. Mnunuzi aliyeuona alijua baba ni nani bila kuuliza. Ndivyo pia ilivyo kwa weusi wa Angus. Wataalamu wa uzazi wametueleza kwamba weusi hushinda wekundu: fahali aliyerithi weusi kwa baba na kwa mama, akipandishwa jike mwekundu, ndama wake wote huwa weusi. Lakini wekundu uliofichika haufi, na mara kwa mara majike na mafahali weusi huzaa ndama mwekundu.

Ndama hao wekundu walipatwa na mkasa wa kufikirisha. Tangu mwaka 1917 chama cha Angus cha Marekani kilikataa kuwaandika katika daftari lake, ijapokuwa damu yao ilikuwa ile ile na nyama yao ile ile. Wafugaji waliowapenda hawakunung'unika tu. Mwaka 1954 waliunda chama chao wenyewe cha Angus wekundu, wakafungua daftari lao. Hapo twaona wazi kwamba mpaka kati ya ng'ombe wa thamani na asiye na thamani waweza kuchorwa kwa kalamu, wala si kwa kisu cha mchinjaji.

Badiliko kubwa likaja mwaka 1978. Chama cha Angus kilianzisha alama ya biashara iitwayo Certified Angus Beef, kwa kuwa wafugaji waliona nyama iliyouzwa kwa jina lao mara nyingine ilikuwa duni. Chama hicho hakikununua ng'ombe wala kujenga machinjio. Kilimiliki jina na kanuni tu. Kanuni yenyewe ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ngozi: sehemu 51 au zaidi katika 100 ziwe nyeusi. Mlango wa pili ni nyama yenyewe, ambayo siku hizi hupimwa kwa vipimo 10, na kikubwa kati ya hivyo ni mafuta membamba yaliyotawanyika ndani ya mnofu na kuufanya uwe laini na mtamu. Wengi wanaopita mlango wa kwanza hukataliwa katika wa pili.

Sasa na tuifuate fedha inavyosafiri. Mlaji alilipa zaidi kwa nyama yenye alama. Mwenye machinjio akamlipa zaidi mnenepeshaji aliyeleta ng'ombe waliofaulu. Mnenepeshaji naye akatoa zaidi mnadani kwa ndama mweusi, kwa maana ndama mwekundu hata akiwa na nyama bora hawezi kuupita mlango wa ngozi. Hivyo nyongeza ya bei ilirudi kutoka mezani hata malishoni, ikakaa juu ya mgongo mweusi.

Lakini wafugaji ni watu wenye macho. Ng'ombe wa Simmental waliotoka Uswisi, na wa Limousin waliotoka Ufaransa, asili yao ni wekundu au wa rangi ya dhahabu. Huko Marekani walichanganywa na damu nyeusi, wakazalishwa na kuchaguliwa hata wengi wao wakawa weusi. Basi leo ngozi nyeusi si ushahidi kamili wa damu ya Angus. Wazee walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Rangi ilianza kuwa shahidi wa nyama, ilipolipiwa, yenyewe ikageuka kuwa bidhaa, na ushahidi wake ukapungua nguvu.

Wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani wameandika habari za minada kwa miaka mingi, nao wamethibitisha kwamba aina na rangi huathiri bei. Ndama wenye madoa wa damu ya ng'ombe wa maziwa hupata kidogo, na wenye dalili nyingi za Brahman, yaani nundu na masikio marefu yaliyoning'inia, hupunguziwa bei mara nyingi. Lakini si rangi peke yake inayosema. Dume lililohasiwa hupata bei nzuri kuliko lisilohasiwa, asiye na pembe kuliko mwenye pembe, mwenye afya na chanjo kuliko mdhaifu. Tena kuna jambo linalowahusu hasa wanaushirika: ndama wanaolingana kwa umri, uzito na umbo, wakiuzwa kwa kundi kubwa, hupata zaidi kwa kila ratili kuliko ndama wale wale wakiuzwa mmoja mmoja.

Wala tusidhani kwamba kilichopendwa Kansas lazima kipendwe kila mahali. Ngozi nyeusi hunywa joto la jua, na katika siku za joto kali ng'ombe weusi huteseka kuliko weupe. Nundu ile inayopunguza bei katika mnada wa Marekani ni alama ya damu inayostahimili joto na kupe, nayo ni fahari ya Boran wetu wa Afrika Mashariki. Wafugaji wa Boran nchini Kenya waliunda chama chao mwaka 1951, wakaweka daftari. Hawakumgeuza Boran awe mweusi ili afanane na mgeni. Walichagua uzito, uzazi na ustahimilivu, na ng'ombe wao huonekana weupe, wa rangi ya kahawia isiyoiva, wekundu na hata weusi.

Wanachama wenzetu, mfugaji mmoja akisimama peke yake mbele ya mnunuzi hana la kusema ila kungoja jicho la mwenziwe liamue. Bei ya Angus haikutengenezwa na wino uliomo ngozini. Ilitengenezwa na watu 60 waliokubali kuandika nasaba kwa uaminifu, na wale waliowafuata, ambao walikubali kukataa nyama ya ng'ombe wao wenyewe pale isipofikia kipimo. Hilo la pili ndilo gumu, nalo ndilo lililozaa imani ya mlaji.

Kwa hiyo, tukiulizwa ni rangi gani itakayotuletea fedha katika miaka 10 ijayo, jibu letu ni hili: tuwe na mizani mnadani, tuwe na daftari lisilodanganya, tukusanye mifugo inayolingana na kuiuza kwa pamoja, wala tusione haya kumrudisha nyumbani ng'ombe asiyefaa. Kizuri chajiuza, lakini hakijiuzi mpaka pawepo watu wa kukishuhudia.