Damu Iliyoganda: Kila Dawa na Sharti Lake, Kutoka Chuku Hadi Tembe

Mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari wa Church Missionary Society walipokuwa na kituo chao Jilore, kando ya Mto Sabaki, Mgiriama aliyevimba mguu mmoja ghafla na mzungu aliyevimba mguu mmoja ghafla walikuwa hali moja: hapakuwa na dawa ya kumtibu hata mmoja wao. Mgiriama alimwendea mganga, akachanjwa na kuumikwa kwa pembe ili damu mbaya itoke. Mzungu alilazwa, mguu ukawekwa juu ya takia, na kama daktari wake alifuata mafunzo ya kale, naye pia alitolewa damu.

Si kwamba chanzo hakikujulikana. Mwaka 1856 tabibu Mjerumani Rudolf Virchow alikuwa amekwisha kueleza kwamba bonge la damu linaloziba mapafu na kuua huwa limeganda kwanza kwenye mshipa wa mbali, mara nyingi wa mguu, kisha likang'oka na kusafiri na damu. Lakini kati ya kujua hilo na kupata cha kumpa mgonjwa ilipita takriban miaka 80.

Tangu hapo dawa zimekuja moja baada ya nyingine, na kila moja imekuja na sharti lake. Ya kwanza ilidai kitanda cha hospitali, ya pili ikadai maabara, nyingine mashine ya picha na saa chache tu, nyingine pesa. Kwa mkazi wa Jilore, kilomita zipatazo 20 kutoka Malindi mjini, masharti hayo ndiyo yanayoamua atatibiwa kwa nini.

Ruba, ini na kitanda

Dalili ya kwanza kwamba damu inaweza kuzuiwa isigande ilitoka kwa ruba, yule yule anayewaganda ng'ombe mabwawani. Mwaka 1884 mtafiti John Berry Haycraft aligundua kwamba mate ya ruba yana kitu kinachoifanya damu ibaki majimaji. Hakikuwa rahisi kukipata kwa wingi, hivyo hakikuzaa dawa wakati ule.

Mwaka 1916, huko Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alikuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu. Katika ini la mbwa akakuta kinyume chake. Mwalimu wake, William Howell, aliendeleza kazi hiyo, na dawa ikaitwa heparini. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1930, Charles Best, mmoja wa wagunduzi wa insulini, na wenzake wa Toronto walipoisafisha kiasi cha kuweza kuingizwa mwilini mwa binadamu bila madhara.

Heparini haifai kumezwa, lazima idungwe. Kwa miongo mingi ilitolewa kwa dripu, mgonjwa akiwa wodini na damu yake ikipimwa kila mara. Thamani yake ilithibitishwa Bristol, Uingereza, mwaka 1960, pale madaktari Barritt na Jordan walipowagawa wagonjwa 35 wenye mabonge mapafuni. Kati ya 19 waliokosa dawa, 5 walikufa kwa bonge. Kati ya 16 waliopewa heparini na tembe ya kuzuia kuganda, hakuna aliyekufa kwa bonge. Jaribio likasimamishwa, kwa sababu kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa dhuluma.

Heparini ya leo hutokana kwa kawaida na utumbo wa nguruwe, jambo linalozua maswali katika pwani yenye Waislamu wengi. Wanazuoni wengi huiruhusu kwa hoja ya dharura, pale maisha yanapokuwa hatarini na badala yake haipatikani. Aina mpya zaidi, kama enoksaparini, hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, na mgonjwa anaweza kufundishwa kujidunga nyumbani. Hii ndiyo inayofaa kwa mama mjamzito, kwa kuwa haivuki kondo na kumfikia mtoto. Na mjamzito hayuko nje ya hatari hata baada ya kujifungua: wiki sita za mwanzo, ambazo karibu ni sawa na arobaini yake, ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda miguuni. Akae ndani kama desturi inavyotaka, lakini asilale kutwa kucha, atembee.

Kutoka sumu ya panya

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu. Daktari wa mifugo Frank Schofield aliona kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyooza kwa ukungu. Februari 1933, katika dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari hadi chuo kikuu cha Madison akiwa na ng'ombe aliyekufa na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake walichukua miaka sita kuitoa kemikali iliyohusika.

Mojawapo ya dawa zilizozaliwa na kazi hiyo, warfarini, iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1951 kijana wa jeshi la Marekani aliimeza akitaka kujiua, akatibiwa kwa vitamini K na kupona. Madaktari wakaona kuwa sumu yenye kiuasumu cha uhakika inaweza kuwa dawa. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa alipopata mshtuko wa moyo.

Warfarini ni ya bei nafuu na humezwa. Sharti lake ni kipimo. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mtu huvuja damu, pengine ubongoni. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na kipimo kimoja, INR, ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, baadaye takriban kila mwezi. Kwa mtu wa Jilore hiyo ni nauli kila safari na siku nzima bila kibarua. Chakula nacho huingia hesabuni: mchicha, kisamvu na mboga nyingine za majani zina vitamini K, ile ile inayoipinga dawa. Si kwamba zikatazwe. Zinapaswa kuliwa kwa kiasi kinachofanana siku zote, shauri gumu kwa nyumba ambako mboga huja na mvua na kuondoka na kiangazi.

Saa nne na nusu

Warfarini na heparini haziyeyushi bonge. Huzuia lisikue huku mwili ukilimaliza wenyewe. Dawa ya kuliyeyusha ilianzia mwaka 1933, watafiti Tillett na Garner walipoonyesha kwamba bakteria fulani hutoa kitu chenye uwezo huo, streptokinasi. Mwaka 1988 utafiti wa wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo ulionyesha kwamba dawa hiyo pamoja na aspirini ya kawaida hupunguza sana vifo. Mwaka 1995 dawa ya kizazi kipya, alteplasi, ilithibitika kwa kiharusi pia, ikitolewa ndani ya saa tatu. Baadaye muda ukaongezwa hadi saa nne na nusu.

Lakini si kila kiharusi hutokana na mshipa ulioziba. Vingine hutokana na mshipa uliopasuka, na hapo dawa ya kuyeyusha huua. Picha ya CT ndiyo inayotofautisha. Kwa sababu hiyo pia, aliyepooza ghafla asipewe aspirini nyumbani kabla ya picha. Vijijini, mdomo ukienda upande bado wengi hudhani ni upepo, na saa hizo nne huishia kwa mganga kabla bodaboda haijaitwa.

Chanjo, na tembe mpya

Kaunti ya Kilifi, iliko Jilore, ina ukurasa wake katika historia hii. Oktoba 2020, kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi kilianza kuijaribu chanjo ya Korona ya Oxford na AstraZeneca. Machi 2021, mwezi ule ule Kenya ilipopokea shehena yake ya kwanza, Ulaya iliripoti mabonge ya damu, nadra lakini ya hatari, kwa baadhi ya waliochanjwa. Andreas Greinacher na wenzake wa Greifswald, Ujerumani, walieleza kwamba kingamwili za mgonjwa mwenyewe ndizo zilizozichochea chembe za kugandisha damu. Madaktari wakaelekezwa kuiepuka heparini na kutoa kingamwili za dripu. Kenya iliendelea kuchanja.

Tembe mpya, kama dabigatrani na rivaroksabani, zilianza kuruhusiwa mwaka 2008. Hazihitaji INR, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Zingemfaa mtu wa Jilore, isipokuwa bei yake bado inaizidi sana ya warfarini. Na haziwafai wote. Mwaka 2022 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wenye moyo uliodhuriwa na homa ya baridi yabisi, uliwakuta waliotumia dawa za jamii ya warfarini wakifa wachache kuliko wa rivaroksabani. Maradhi hayo ya moyo ni ya watu maskini, na yangali mengi Afrika Mashariki. Mwenye vali ya chuma moyoni naye hana njia nyingine ila warfarini.

Kwa hiyo kipimo hakitaondoka hivi karibuni. Eldoret walikwisha kulitambua hilo: katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, wafamasia walianzisha kliniki ya warfarini, na ripoti yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba damu ya wagonjwa ilikaa ndani ya kiwango kwa zaidi ya asilimia 60 ya muda, sawa na kliniki nyingi za nchi tajiri. Hawakuwa na dawa mpya. Walikuwa na mfamasia anayefuatilia. Vimashine vya kupima INR kwa tone la damu ya kidole vipo, na vinabebeka kwenye mkoba. Serikali ya kaunti ikijadili dawa gani inunuliwe, ianze kwa kuamua mgonjwa wa Jilore atapimwa wapi, na nani.