Tangawizi Kavu ya Bibi

Huku kwetu Kikoneni, mtu akishikwa na mafua, jibu ni tangawizi. Tumbo limejaa gesi? Tangawizi. Mwanamke akijifungua, hupikiwa uji wa pilipili manga na tangawizi kavu iliyotwangwa. Bibi yangu huiita "dawa yetu", nami nikaamini ni yetu tangu enzi na enzi.

Kumbe ni mgeni. Mmea huu asili yake ni Asia. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipewa wali wa samli, na pembeni ndimu za achari, maembe na tangawizi mbichi. Lakini mbichi haikawii kuoza. Iliyoanikwa ndiyo ya kuvumilia jahazi miezi kadhaa. Na ikikauka haipoi: jinjeroli iliyomo hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana kavu huchoma koo kuliko mbichi.

Mwaka 2020, Korona ilipoingia, tuliichemsha asubuhi na jioni, kila jirani akiapa kwamba inatibu. Wiki moja Bibi akapandwa na homa kali. Nikamchemshia sufuria nzima. Akanywa kikombe kimoja, akajifunga leso.

"Hii itanituliza kichefuchefu tu, mjukuu wangu. Ita bodaboda, twende zahanati."

Ilikuwa malaria. Utafiti wa kisasa unakubaliana naye: kichefuchefu, ndiyo, malaria, hapana. Mimi niliyefika chuo, japo sikumaliza, ndiye niliyetaka kumtibu kwa sufuria.