Ramani za hatari ya uchafuzi wa maji ya ardhini (Mkoa wa Songwe)

Ramani ya hatari ya uchafuzi wa maji ya ardhini ni ramani ya kidijitali inayoonyesha ni wapi uchafu ulio juu unaweza kuyafikia kwa urahisi maji yaliyo chini. Haisemi kisima kipi tayari kimechafuka. Hiyo ni kazi ya maabara. Mkoani Songwe suala hili linaihusu zaidi Tunduma, mji wa mpakani mwa Zambia ambao wakazi wake waliongezeka kutoka 97,562 mwaka 2012 hadi 219,309 mwaka 2022, na ambako visima vifupi na vyoo vya shimo vimebanana katika viwanja vidogo.

Modeli

Modeli iliyoenea zaidi ni DRASTIC, iliyochapishwa Marekani mwaka 1987 kwa ajili ya EPA, shirika la serikali la mazingira. Hupima mambo saba: kina cha maji, kiasi cha mvua inayopenya, aina ya mwamba wenye maji, udongo, mteremko, tabaka lisilojaa maji lililo juu ya maji hayo, na wepesi wa maji kupita mwambani. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 10, kisha alama huzidishwa kwa uzito wake. Kina cha maji na tabaka la juu yake vina uzito wa 5 kila kimoja, mvua 4, mwamba na wepesi wa kupitisha maji 3 kila kimoja, udongo 2, mteremko 1. Jumla huanzia 23 na haizidi 230. Maji yaliyo chini ya mita 1.5 tu kutoka juu hupata alama 10. Yakizidi kina cha mita 30 hivi hupata 1. Kwa hiyo kina peke yake huchangia kati ya 5 na 50, na kosa dogo katika kumbukumbu za uchimbaji huibadilisha rangi ya mtaa mzima.

GOD, ya miaka hiyohiyo, hutumia mambo matatu tu. MODFLOW hukokotoa mwendo wenyewe wa maji, ila hudai vipimo vingi vya visima.

Takwimu za Songwe

Mwinuko hupatikana bure kutokana na vipimo vya rada vya SRTM vya mwaka 2000, na makadirio ya mvua hutoka kwenye setelaiti. Kina cha maji hakionekani kutoka angani. Hicho hutafutwa katika kumbukumbu za wachimbaji na za Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake ni Vwawa. Orodha ya kitaifa ya vituo vya maji vijijini iliyokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 huviweka visima vya wilaya ya Mbozi, ambayo sasa iko Songwe, chini ya Mbeya, jambo linalomsumbua kila anayechuja data kwa jina la mkoa. Tena ipo mito miwili iitwayo Songwe: mmoja huingia Ziwa Rukwa, mwingine hupita mpakani mwa Malawi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa.

Uwanda wa Mbozi umekaa juu ya miamba mikongwe ya ukanda wa Ubendi. Maji hukaa katika mwamba uliooza na katika nyufa, hivyo visima viwili jirani huweza kutofautiana sana.

Udhaifu wa modeli

DRASTIC huchukulia kwamba uchafu huanzia juu ya ardhi, husukumwa chini na mvua, husafiri kama maji, na kwamba eneo halipungui ekari 100. Choo cha shimo huvunja sharti la kwanza waziwazi, kwa kuwa kinyesi huwekwa chini ya udongo ambao ungekichuja. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Songwe huvunja la tatu: hushikamana na tope. Kwa mji kama Tunduma, ramani isiyoongezewa tabaka la vyoo, vituo vya mafuta, gereji na maegesho ya malori ni pambo la ukutani. Matokeo hukaguliwa kwa kupima nitreti katika visima.

Sheria

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu kutangazwa kwa maeneo ya hifadhi ya vyanzo vya maji, na ramani kama hii inaweza kusaidia kuyachagua.

Matumizi

Kwa vijiji, ramani hizi zingeihusu RUWASA, wakala wa serikali unaosimamia maji ya vijijini tangu 2019. Programu huria ya QGIS hufanya hesabu za DRASTIC bila ada ya leseni.