Padri Joubert kabla ya 1964

Tarehe 28 Novemba 1964 waasi wa Simba wa Kongo waliwaua Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, kisha Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert huko Fizi. Watatu wa kwanza walikuwa Wasaveri wa Italia, shirika la kimisionari lililoingia Kivu mwaka 1958 tu. Joubert, mzaliwa wa upande wa Moba, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika, alikuwa padri tangu 1935. Kumtaja kama nyongeza ya Waitalia ni kumpunja. Atakuwapo wa kusema kwamba Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, wote wanne walitangazwa wenyeheri kwa kifo chao, si kwa urefu wa utumishi. Ni kweli, ndiyo kanuni ya ushahidi wa imani. Ila kifo cha jioni moja hakielezi kwa nini mzee wa miaka 56 alikuwa bado Fizi.